Kiingereza cha Kuombea Maji



Hapa mjini tunao msemo ambao karibu kila mmoja wetu amewahi kuutumia, au ameutumiwa yeye. Mtu akizungumza Kiingereza cha kubabaisha tunasema, "Huyu ana Kiingereza cha kuombea maji." Tunacheka, na mwenyewe hucheka pamoja nasi, lakini moyoni ameumia. Kesho yake akitakiwa kusema neno kwa lugha hiyo, atakohoa, atatazama chini, na atanyamaza.

Leo nataka tuuchukue msemo huo tuupeleke Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Kule Handeni kuomba maji si jambo la mzaha. Ni nchi yenye kiu ya miaka mingi, na maji yake ya bomba husukumwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Mwambie mzee wa Handeni kwamba kuna mtu anachekwa kwa kujua lugha inayotosha kuombea maji, naye atakuuliza, "Mwanangu, sasa mlitaka ajue nini kwanza?"

Nianze na habari yangu mwenyewe. Nilisoma sekondari katika mkoa huo, katika shule ambayo sitaitaja. Nikiwa Kidato cha Kwanza, mwalimu wa bayolojia aliuliza kwa Kiingereza: mbu anayeambukiza malaria huzaliana wapi? Ndugu wasikilizaji, mimi ni mtoto wa bonde la Korogwe. Malaria tumekua nayo nyumba moja. Nilikuwa nayajua madimbwi ya nyuma ya nyumba yetu, na viluwiluwi vya mbu nilikuwa nimevitazama tangu utoto vikicheza juu ya maji. Nikanyoosha mkono, nikasimama. Neno la maji nililipata. Neno la kutuama sikulipata. Nikabaki nimesimama, mdomo wazi, huku darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu akaniambia nikae, akamwita mwingine.

Jioni ile nikawa ninamweleza rafiki yangu jibu lenyewe kwa Kiswahili, bila kukosea hata kidogo. Kiranja akatusikia. Nikavishwa kibao shingoni, kile cha mbao chenye kamba, kilichoandikwa maneno ya kunidhalilisha. Sharti la kukivua lilikuwa moja tu: nimkamate mwenzangu anayezungumza Kiswahili nimvishe yeye. Basi siku moja ilinitosha kujifunza mambo mawili. La kwanza, kujua jambo hakunisaidii kitu nisipolijua kwa Kiingereza. La pili, salama yangu ni kunyamaza. Somo hilo la pili nililishika vizuri kuliko bayolojia yote ya mwaka ule.

Watu wengi wanaoizungumzia hofu hii huisema kama ugonjwa wa mtoto. Husema mtoto ni mwoga, ni mzito, hana bidii. Mimi nasema hofu hii ina historia yake, na historia hiyo tunaweza kuifuata kwa miguu katika bonde la Pangani.

Kiingereza kilifika sehemu zile kwanza na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walioanza kazi yao Magila, nchi ya Wabondei, katika miaka ya 1860. Lakini wamisionari hao walifundisha na kuhubiri zaidi kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa cha vijana wachache waliopelekwa katika chuo chao cha Kiungani, Unguja. Kisha wakaja Wajerumani. Hawa walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, wakaamua kuitawala nchi kwa Kiswahili. Reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na barua za maakida zilizokwenda bomani ziliandikwa kwa Kiswahili. Utawala wao ulikuwa na viboko vingi na ukatili mwingi, wala sina nia ya kuusifu. Nataka tukumbuke jambo moja tu: Mzigua wa Handeni aliyetaka kujibu shitaka lake mbele ya akida hakuhitaji kujua lugha ya Ulaya.

Mambo yalibadilika mwezi Juni 1916. Majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliteremka kufuata bonde la Pangani, yakaiteka Korogwe, kisha Handeni. Pamoja na bunduki, Kiingereza nacho kikaingia. Waingereza hawakukifukuza Kiswahili. Walikiacha katika shule za chini na katika barazani za machifu, nacho Kiingereza wakakiweka juu, mahali pa ukarani, pa mshahara na pa Mahakama Kuu. Tangu hapo kwa mtu wa kawaida Kiingereza kikawa lugha ya kuhukumiwa na kupimwa. Ulikisikia pale ambapo jambo lako linaamuliwa na wengine, na wewe unamtazama mkalimani usoni ili ujue kama umepona au umeangamia. Lugha ambayo watu wamekutana nayo kwa namna hiyo haiwezi kuwa nyepesi mdomoni.

Na hapa pana jambo la kuchekesha. Maofisa wa Kiingereza waliokuja kutawala wilaya zetu walitakiwa kujifunza Kiswahili na kukifanyia mtihani. Walikosea, tena walikosea sana. Ngeli waliziparaganya, wakasema maneno ambayo wazee wa barazani iliwabidi waume midomo wasicheke. Je, kuna bwana shauri yeyote aliyevishwa kibao shingoni? Wazee walisikiliza, wakaelewa anachotaka, wakamjibu. Hata leo mgeni kutoka Ulaya akisema, "Mimi nakwenda soko jana," tunampigia makofi, tunasema anakijua Kiswahili. Mtoto wetu akikosea neno moja la Kiingereza tunamcheka mpaka analia. Mizani mbili hizi tumezitoa wapi?

Mtu ataniambia, "Mbona wazee wa zamani walikisema Kiingereza vizuri, na wao walichapwa?" Hoja hiyo si ndogo, hivyo tumtazame mmoja wao. Martin Kayamba alikuwa Mbondei, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwashuku na kuwakamata Waafrika wengi waliosomeshwa na misheni ile ya Waingereza, naye alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Baada ya vita akawa karani mkubwa wa serikali mjini Tanga, na mwaka 1922 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Mwaka 1931 alipelekwa London, pamoja na Chifu Makwaia wa Usukumani na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Shauri lilikuwa kubwa: je, Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda? Wajumbe wetu walisema hapana.

Sasa tujiulize, Kayamba aliupata wapi ujasiri wa kujibu maswali ya mabwana wale? Hakuupata kwa kuvishwa kibao. Aliupata kwa miaka mingi ya kukitumia Kiingereza katika ualimu na ukarani, sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, mahali ambapo mtu anakuuliza jambo la kweli na anangojea jibu la kweli. Tena aliporudi nyumbani aliandika habari za safari ile kwa Kiswahili. Kitabu chake, "Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza", kilitolewa mwaka 1932. Mtu aliyekijua Kiingereza kuliko wengi wetu hakuona haya kuwaeleza wenzake mambo kwa lugha waliyoielewa.

Aidha, tusisahau kwamba akina Kayamba walikuwa wachache mno. Hata tulipopata Uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa kama 12,000 tu. Hao ndio waliokuwa wamechujwa na kuchujwa tena. Wale waliokwama njiani, waliozibwa midomo na fimbo wakarudi Handeni kulima mahindi, hatukuwahesabu, wala Kiingereza chao hatukukisikia. Ukimtazama aliyefika peke yake, utadhani njia ilikuwa nzuri.

Lakini bonde lilelile la Pangani lina historia ya pili, nayo ndiyo inayonipa matumaini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana nayo yakaota mashamba makubwa ya Tanga, yakiwamo ya Korogwe, na mashamba yale yakahitaji watu. Wakaja manamba kutoka Unyamwezini, Ubena, Uha, Umakonde, hata kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Wengi walishuka kwenye malori bila kujua neno la Kiswahili. Hawakuwekwa darasani. Walijifunza wakihesabu mafungu ya mkonge waliyokata, wakidai posho, wakinunua samaki sokoni, wakiomba maji.

Walikosea? Walikosea mno. Walichekwa? Naam, walichekwa, maana binadamu ni binadamu. Lakini aliyekucheka alikupa maji. Baada ya kicheko kazi iliendelea, na maongezi yaliendelea. Hakuna aliyeambiwa akae chini anyamaze mpaka ajue kusema sawasawa. Baada ya miaka michache watu wale walikuwa wakibishana, wakiposa, wakigomea mishahara midogo, yote kwa Kiswahili. Watoto wao wakawa Waswahili wa kuzaliwa. Lugha ya kigeni iliingia katika vinywa vya maelfu ya watu wasiosoma, bila kitabu wala kibao.

Mwalimu Nyerere aliwahi kukiita Kiingereza kuwa ni Kiswahili cha dunia, akimaanisha kwamba lazima tukifundishe. Ilikuwa mwaka 1984. Maneno hayo yametumiwa mara nyingi kuhimiza Kiingereza shuleni. Mimi nayakubali, ila nataka tuyafuate mpaka mwisho. Kama Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, basi tujifunze kama manamba wa Korogwe walivyojifunza Kiswahili chenyewe.

Hatukufanya hivyo. Mwaka 1967 tuliamua kwamba shule zote za msingi zifundishe kwa Kiswahili, na uamuzi ule ulikuwa wa haki na wa heshima. Lakini sekondari tuliiacha katika Kiingereza. Mtoto wa Handeni, ambaye nyumbani anazungumza Kizigua na shuleni Kiswahili, akawa analala siku moja mwanafunzi mwenye majibu, anaamka Kidato cha Kwanza akiwa bubu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1983 Serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Angalieni maneno hayo vizuri: kuanza, ilhali wao walikuwa wanamaliza! Hata hivyo wataalamu hao walishauri Kiingereza kiendelee. Sera zimeandikwa upya tangu hapo, ya 1995, ya 2014 na toleo lake la 2023, na sekondari za serikali bado hufundisha kwa Kiingereza.

Sitaki leo kuingia katika ubishi wa lugha ya kufundishia, kwani huo una siku yake. Nataka kumsemea mtoto aliyekaa darasani hivi sasa. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, darasa linaitikia kwa pamoja, "Yes." Mwalimu anauliza kama wameelewa, wanaitikia tena, "Yes." Akimwita mmoja kwa jina, kimya. Na mwalimu naye, tuseme kweli, mara nyingi ana hofu ileile, maana alisomeshwa na mfumo uleule. Anaogopa wanafunzi wasije wakamkamata amekosea. Basi wanakubaliana bila kuambizana: yeye ataandika ubaoni, wao watanakili, na hakuna atakayeaibika. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne nao hupima Kiingereza kwa kalamu tu. Mdomo haupewi alama, kwa hiyo mdomo haupewi muda.

Hofu hii si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1986 wataalamu watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, walitengeneza kipimo chenye kauli 33 cha kupimia hofu ya wanafunzi katika madarasa ya lugha za kigeni. Waliowachunguza walikuwa Wamarekani wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza Kihispania. Nao walitetemeka, jasho likawatoka, wakasahau maneno waliyokuwa wakiyajua dakika moja kabla. Wataalamu hao waliitenga hofu hiyo katika mafungu matatu: hofu ya kuzungumza mbele ya watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuonekana mjinga. Mkitazama vizuri mtaona kwamba manamba wa Korogwe alikuwa hana mtihani, wala hakuna aliyengoja akosee ili amhukumu. Mtoto wetu wa Kidato cha Kwanza anazo zote tatu, na juu yake tunamwongezea kibao.

Tena hofu hujizaa yenyewe. Anayeogopa hasemi. Asiyesema hazoei. Asiyezoea hukosea zaidi siku anapolazimishwa kusema, na akikosea hofu yake inaongezeka. Ukimchapa mtu aliye katika mzunguko huo unauzungusha kwa kasi zaidi.

Je, tufanye nini? Sina dawa ya miujiza, lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, vibao vivuliwe. Shule yenye kibao imewafundisha watoto kupelelezana, nacho Kiingereza imekigeuza kuwa adhabu. Hakuna mtu anayeipenda adhabu yake.

Pili, mwalimu ampe mwanafunzi muda. Ampe nafasi ya kufikiri na jirani yake kwanza, hata kwa Kiswahili, kisha aseme kwa Kiingereza kile alichokwisha kukielewa. Mimi ningelipewa dakika mbili za kumwuliza jirani yangu neno la kutuama, darasa lingepata jibu lake.

Tatu, mwanafunzi aachwe amalize sentensi yake ndipo asahihishwe. Kwanza tusikie amesema nini, halafu tutazame amesemaje.

Nne, wenye mamlaka ya mitihani wafikirie kuupa mdomo alama zake. Walimu hufundisha kinachoulizwa.

Na la tano ni letu sisi wa mijini, tunaonunua magazeti na kujiona tumesoma. Wengi wetu tumewapeleka watoto Inglishi midiamu. Sina ugomvi na mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi. Lakini watoto hao wakienda likizo kwa babu yao Handeni, wakamcheka binamu yao kwa Kiingereza chake, na sisi tukatabasamu kwa fahari, tumefanya kazi ileile ya kibao. Tumemzibisha mdomo mtoto ambaye huenda kesho angekuwa daktari wa malaria, kwa kuwa mbu anawajua kuliko sisi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangekuwapo leo nadhani wangeongeza kwamba kukosea nako si ujinga, maadamu umesema. Lugha zote ambazo binadamu anazijua alianza nazo kwa kuomba: kuomba maziwa, kuomba chakula, kuomba maji. Wote waliofika London kutetea nchi yao walipitia hapo.

Kwa hiyo ukimsikia kijana anajikongoja kwa Kiingereza, usimcheke. Msikilize mpaka mwisho, na kama ameomba maji, mpe.